Ukuta Unaosukuma Maji

Kipushi iko kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, imeegemea mpaka wa Zambia, na chini yake kuna mgodi ulioanza kuchimbwa mwaka 1924. Enzi hizo uliitwa Mgodi wa Prince Léopold. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilifuata shaba. Ikakuta pia zinki kwa wingi, na gerimani iliyojificha katika madini ambayo sayansi ilikuwa haijayapa majina. Moja likaja kuitwa renieriti mwaka 1948, jingine briartiti mwaka 1965, na hadi leo wanafunzi wa jiolojia walio mbali sana na Katanga hulikuta jina la Kipushi katika vitabu vyao bila kujua ni mji wenye soko, shule na vumbi jekundu. Sisi tuliokulia pale tulijua jambo ambalo vitabu hivyo hulipita haraka. Kabla mgodi haujatoa shaba wala zinki, hutoa maji.

Mwamba wa pale ni chokaa na dolomiti ya tabaka la Kakontwe, mwamba wenye nyufa na uwazi mwingi. Mvua ya Katanga ikishauingia hushuka, na huko chini hukuta mashimo ambayo watu wamechimba. Maji hayo yasipotolewa mchana na usiku, Jumapili na Krismasi, mgodi hugeuka kisima.

Baba yangu alikuwa mtu wa pampu. Wenzake walioshika nyundo na baruti walikuwa na hadithi za kusimulia jioni. Yeye hakuwa nazo, kwa sababu siku njema ya mtu wa pampu ni siku ambayo hakuna kilichotokea. Alizungumza kwa sauti kubwa hata mezani, tukila bukari, kama wazungumzavyo watu waliozoea kushindana na mashine. Alichotufundisha ni kusikiliza. Alituonyesha jinsi ya kuegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa mashine na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ili usikie bolbereng'i inayoanza kulika kabla haijavunjika. Alifanya hivyo hata kwa cherehani ya mama. Na alikuwa na neno lake moja, alilolisema mtu alipomuuliza kwa nini lazima arudi kazini usiku: “Mayi haina haraka, lakini haichokake.”

Mtu ambaye hajaishi juu ya mgodi hupata shida kuuona ukubwa wa kazi hiyo, kwa hiyo nifanye hesabu. Ukitaka kusukuma maji yapande mita 1,000 moja kwa moja, pampu lazima ikandamize kwa nguvu ya angahewa karibu 100. Kila mita ya ujazo inayofika juu imekula kilowati-saa 2.7, hata kama pampu yenyewe haipotezi chochote, na hakuna pampu isiyopoteza. Shimo la tano, ambalo kila mtu Kipushi huliita Puits 5, lina upana wa mita 8 na linashuka zaidi ya mita 1,200. Uchimbaji uliposimama mwaka 1993, mgodi haukuachwa ufe: pampu ziliendelea. Mwaka 2011 pampu nazo zilishindwa, na maji yakapanda hadi kwenye kina cha mita 851 hivi kutoka juu. Kampuni ya Ivanhoe, iliyoingia ubia na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka huohuo, ilianza kwa kuyatoa maji kabla ya kugusa jiwe lolote, na ngazi ya mita 1,150 ikafikika tena mwishoni mwa 2013. Zinki mpya ilisubiri hadi Juni 2024. Ukiitazama historia hiyo kwa jicho la baba, mgodi ni kazi ya pampu, na madini ni malipo yake.

Nimeyasema haya yote ili nieleze kwa nini nilikuwa mwanafunzi mgumu wa pampu ya aina nyingine.

Katika kitivo cha ufundi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tulifundishwa sheria ya Poiseuille. Jean Léonard Marie Poiseuille alikuwa daktari Mfaransa, si mhandisi wa migodi. Alitaka kujua damu inavyopita katika mishipa midogo, na miaka ya 1840 alipima maji katika mirija myembamba ya kioo kwa uvumilivu wa ajabu. Aligundua kwamba mrija ukipunguzwa kipenyo nusu, shinikizo lilelile hupitisha maji pungufu mara 16. Upunguze mara kumi, yanapungua mara 10,000. Nilipoipata sheria hiyo niliipenda, kwa kuwa ilieleza kwa nini mabomba ya mgodini yalikuwa mapana kiasi cha mtoto kutambaa ndani. Sikujiuliza inasema nini kuhusu upande wa pili, mahali ambapo mrija unazidi kuwa mwembamba na hakuna namna ya kuupanua.

Upande huo nilikutana nao katika maabara moja Ubelgiji. Nilipewa kipande cha kioo kinachotosha kiganjani. Ndani yake kulikuwa na mfereji wa upana wa mikromita 50, mwembamba kuliko unywele wangu, unaounganisha visima viwili vidogo vyenye maji ya chumvi kidogo. Katika kila kisima ulitumbukizwa waya wa platini. Aliyekuwa akinielekeza, dada mpole aliyependa kazi zaidi ya maneno, alitia tone la rangi isiyo na chaji, akafungua umeme wa volti 1,000, akaniambia nitazame kwenye hadubini.

Rangi ikaenda. Hapakuwa na bomba la kusukuma, wala feni, wala vali, wala kitu chochote kinachozunguka, kinachopanda au kinachotetemeka. Ilikwenda karibu milimita moja kwa sekunde, na umeme ulipozimwa ikasimama papo hapo, bila kuteleza mbele hata kidogo. Ncha zilipobadilishwa ikarudi. Mimi, mtoto wa mtu wa pampu, nilijikuta nimeinamisha kichwa kusikiliza. Palikuwa kimya.

Kilichonisumbua zaidi ni umbo la rangi. Maji yanayosukumwa kwa shinikizo huenda kasi katikati na hujikokota pembeni, kwa sababu ukuta huyashika. Ndiyo maana rangi ikipita katika bomba la kawaida huchongoka kama ncha ya mkuki. Hapa ilikwenda bapa, pembeni sawa na katikati. Kwa mara ya kwanza niliona maji ambayo ukuta haukuyazuia. Nikamwambia yule dada kwamba haiwezekani, ukuta daima huzuia. Akanijibu kwamba hapa ukuta ndio pampu.

Nitaeleza kama nilivyokuja kuelewa, maana jambo lenyewe si gumu, ila linataka mtu aanze mahali ambapo hakuzoea kuanzia. Kioo kikigusa maji, uso wake huachia ioni za haidrojeni na kubaki na chaji hasi. Chaji hiyo huita ioni chanya zilizo ndani ya maji, nazo huja kusongamana karibu na ukuta katika tabaka nyembamba mno. Katika maji yenye chumvi kidogo sana tabaka hilo huwa na unene wa nanomita kumi hivi. Katika maji yenye chumvi kama ya damu halifiki hata nanomita moja. Mbali na ukuta, katikati ya mfereji, chanya na hasi zinalingana, na umeme ukipitishwa huvuta huku na huku kwa nguvu sawa, maji yasiende popote. Lakini kwenye lile tabaka la pembeni chanya zimezidi. Umeme huzivuta kuelekea ncha hasi, nazo huburuta maji yaliyozizunguka, na hayo huburuta ya jirani, hadi katikati. Ni kama mkeka wenye mzigo juu yake, ukivutwa na watu walioshika pindo zote mbili: mzigo ulio katikati husafiri bila mtu kuugusa.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya nibaki na somo hili. Kasi ya maji hayo haitegemei upana wa mfereji, mradi tu mfereji uwe mpana kuliko lile tabaka. Punguza kipenyo mara kumi, na kasi inabaki ileile. Maji yanayopita hupungua mara 100 tu, kwa kuwa mlango umekuwa mdogo, si mara 10,000 kama alivyopima Poiseuille. Mahali ambapo pampu ya baba ingelia na kupasuka, hii haioni tofauti. Na kinyume chake ni kweli pia. Katika bomba la mgodini, lenye maji mengi na ukuta kidogo, nguvu ya ukuta haina maana yoyote.

Wataalamu huliita jambo hili elektro-osmosisi, na ni la zamani kuliko nilivyodhani. Alessandro Volta alitengeneza betri yake ya kwanza mwaka 1800. Miaka michache tu baadaye Ferdinand Friedrich Reuss, Mjerumani aliyefundisha Moscow, alipitisha umeme wa betri ya namna hiyo katika udongo uliolowa, akaona maji yakihamia upande wa ncha hasi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1809. Hermann von Helmholtz alilipa hesabu yake mwaka 1879, Marian Smoluchowski wa Poland akaikamilisha mwaka 1903, kisha likakaa kama kitu cha kufundishia tu. Wahandisi wa udongo walilikumbuka kabla ya watu wa vifaa vidogo: miaka ya 1930 Leo Casagrande, huko Ujerumani, alilitumia kukausha udongo mlaini uliokuwa ukiporomoka kwenye kazi za reli. Mwaka 1981 James Jorgenson na Krynn Lukacs, Marekani, walitumia volti 30,000 katika mirija ya mikromita 75 kutenganisha kemikali. Mwaka 1990 Andreas Manz na wenzake, Uswisi, wakaja na wazo la kuiweka maabara nzima juu ya kipande kimoja, na miaka miwili baadaye mifereji ikawa inachorwa kwenye kioo. Karibu karne mbili, basi, wazo lilisubiri kazi inayolingana na ukubwa wake.

Niliporudi Lubumbashi kufundisha sikuwa na chipu ya kioo wala volti 1,000, na umeme wa mjini una ratiba zake mwenyewe. Nilikuwa na vichuguu.

Asiyeijua nchi yetu atadhani natania. Uwanda unaozunguka Lubumbashi umejaa vichuguu vikubwa kuliko nyumba, vingine vina miti mizima imeota juu, na udongo wake ndio uliofyatuliwa matofali ya nusu ya mji. Ni udongo wa mfinyanzi laini, uliosagwa na mchwa vizazi na vizazi. Reuss angeufurahia. Tulichukua mrija wa kioo uliopindwa kama herufi U, tukashindilia udongo wa kichuguu sehemu ya chini, tukatia maji ya mvua kwenye mikono yote miwili hadi yakalingana, tukazamisha vijiti vya kaboni vilivyotolewa kwenye betri kuukuu za redio, na tukaunganisha na betri ya gari. Tukauacha hadi kesho yake. Asubuhi maji yalikuwa yamepanda upande wa ncha hasi na kushuka upande wa pili, tofauti ambayo mtu huiona amesimama mlangoni. Mwanafunzi mmoja alizunguka meza, akainama chini yake, akauliza, “Prof, mashini yenyewe iko wapi?” Nilimwonyesha udongo. Aliniangalia kwa adabu, kwa namna mtu anavyomwangalia mzee aliyeanza kuchoka.

Kosa la wengi wanaofundisha jambo hili ni kuishia hapo, kwenye mshangao. Somo lenyewe lilianza tulipobadilisha maji. Mmoja wa wanafunzi, mkazi wa Kipushi, alileta kidumu cha maji ya kisima cha nyumbani kwao. Udongo uleule, betri ileile, mrija uleule. Umeme uliopita uliongezeka sana, udongo ukapata joto, betri ikaisha mapema. Na maji yalipanda kidogo tu. Wanafunzi walidhani kuna waya umelegea. Hapakuwa na waya uliolegea. Maji ya Kipushi yamepita katika dolomiti, yamebeba kalisi na magnesi, na ioni hizo zenye chaji mbilimbili hung'ang'ania ukuta na kuifuta chaji yake. Tabaka linabanwa, nguvu ya ukuta inapotea, wakati chumvi iliyoongezeka inapitisha umeme kwa wingi bila kufanya kazi yoyote isipokuwa kupasha joto. Mashine ya baba haikujali maji yana nini ndani yake, ilimradi hayana mchanga wa kula mapanga ya pampu. Hii inajali kuliko kitu kingine chochote. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniletea wazo la kifaa, simuulizi kwanza kuhusu volti. Namuuliza maji yake yametoka wapi.

Kuna pia udhia wa mapovu. Umeme wa njia moja ukipita majini hutoa gesi kwenye ncha zote mbili, hugeuza maji ya ncha chanya kuwa na asidi na ya ncha hasi kuwa na besi. Katika mrija wetu mapovu yalitoka juu yakaenda zake. Katika mfereji wa mikromita 50, povu moja ni mwamba ulioziba njia. Ndiyo maana nyaya huwekwa kwenye visima vilivyo wazi, si ndani ya mfereji. Wengine walikwepa tatizo kwa kutumia umeme unaogeuka-geuka: Armand Ajdari alionyesha kwa hesabu mwaka 2000 kwamba elektrodi zisizolingana zinaweza kusukuma maji upande mmoja hata umeme ukiwa unakwenda na kurudi, na kwa volti chache tu. Volti chache ni habari njema kwa sehemu kama yetu, kwani betri ya simu inatosha.

Miaka ile Kipushi maji yalipokuwa yakitolewa mgodini, watu walionijua walinitania. Wewe una pampu isiyoharibika, isiyo na bolbereng'i, mbona huwapelekei? Nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani nikapiga hesabu kwa uzito, kwa sababu utani huo una kitu ndani yake. Mwaka 2001 kundi la Juan Santiago, Chuo Kikuu cha Stanford, lilichapisha pampu ya elektro-osmosisi iliyotengenezwa kwa mrija uliojazwa chembe ndogo sana za silika. Kati ya chembe hizo zilibaki njia finyu zisizohesabika, kila moja na ukuta wake. Kwa volti 2,000 ilitoa shinikizo la zaidi ya angahewa 20. Shinikizo hilo lingeinua maji mita 200. Sita au saba zilizopangwa ngazi kwa ngazi, na umetoka na maji chini kabisa ya Puits 5, bila kitu kimoja kinachozunguka.

Lakini pampu hiyo ilitoa mikrolita chache kwa dakika. Kujaza chupa moja ya lita kungechukua zaidi ya nusu mwaka, na hiyo ni kasi yake ya juu, ambayo haipatikani kwa pamoja na shinikizo lake la juu. Nilipenda sana hesabu ile. Ilinionyesha kwamba pampu ya baba na pampu ya kioo hazishindani, na kwamba anayezilinganisha kwa kuuliza ipi ina nguvu ameuliza vibaya. Moja ina nguvu ya kubeba mto, nyingine ina nguvu ya kupita mahali ambapo mto hauwezi kupita. Nimewasikia wenzangu wakizisifu teknolojia ndogo kana kwamba zitaondoa kubwa, na wengine wakizidharau kama vichezeo vya watu wenye fedha. Watu wa pande zote mbili, kwa maoni yangu, hawajawahi kuhesabu mikrolita.

Kazi inayolingana na pampu ya kioo iko karibu zaidi kuliko mgodi. Kongo ni miongoni mwa nchi tatu ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu, pamoja na Nigeria na India. Mwaka 1949 Linus Pauling, Harvey Itano na wenzao walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hao husafiri tofauti na ya kawaida ikiwekwa kwenye uga wa umeme; ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuelezwa kwa tofauti ya molekuli moja. Dada yangu alipopeleka mtoto kupimwa, majibu yalirudi na mchoro wa vilima viwili, akaja nao kwangu. “Hii mashini inajuaka namna gani?” aliuliza. Hakutaka kusikia kuhusu jeni. Hayo daktari alikuwa amemweleza. Alitaka kujua mashine ilivyofanya.

Nikamweleza kuhusu ukuta. Katika mrija mwembamba wa mashine za aina hiyo, maji yamewekwa besi, na hemoglobini zote zina chaji hasi; zikiachwa zingerudi nyuma kuelekea ncha chanya. Lakini ukuta wa mrija unasukuma maji kwenda ncha hasi kwa kasi kubwa zaidi, na mkondo huo huzibeba zote mbele, zikipenda zisipende, hadi kwenye jicho la mashine. Zinakwenda mbele huku zikivuta nyuma. Hemoglobini S imepoteza chaji hasi kidogo, kwa hiyo inavuta nyuma kwa ulegevu zaidi, na inafika kabla ya ile ya kawaida. Vilima viwili katika mchoro ni muda wa kufika. Mtoto alikuwa na vyote, A na S: amebeba, haumwi. Dada alikunja karatasi akaitia kwenye kitenge. Aliniambia nilivyoeleza kuhusu ukuta alielewa kuliko hospitalini, kisha akauliza kwa nini kitu chepesi hivyo ni ghali hivyo. Nilimjibu kwamba mrija ni rahisi. Ghali ni kemikali zinazotakiwa kukaa kwenye baridi, na umeme usiokatika. Vifaa vidogo vya karatasi na vya kioo vinavyotumia kanuni hiyohiyo kwa betri vinatengenezwa, na hapo ndipo natamani vijana wetu wawe mafundi, si wateja tu.

Yule mwanafunzi wa Kipushi, aliyeleta kidumu, sasa anafanya kazi ya kuhitimu nami, na amechagua upande mwingine kabisa: tope. Mwamba ukishasagwa ili kutoa madini, hubaki unga laini uliochanganyika na maji, na maji hayo hayachuji. Vinjia kati ya punje ni finyu mno, Poiseuille amevikalia. Mahali kama hapo ndipo pampu ya ukuta huwa kubwa, maana kila kinjia kina ukuta wake na vyote husukuma kwa pamoja. Ndilo alilolitumia Casagrande. Kijana alianza na unga wa dolomiti aliousaga mwenyewe kwa kinu, akauloweka kwa maji ya kisima cha kwao, kwa hoja kwamba mgodini hakuna atakayempa maji ya mvua.

Maji hayakwenda. Alipoongeza betri, yalisogea kidogo, na yakapanda upande wa ncha chanya. Aliniita kwa simu usiku akiwa na hakika amegeuza nyaya. Hakuwa amezigeuza. Uso wa dolomiti si uso wa udongo wa kichuguu: katika maji yenye kalisi nyingi unaweza kubaki karibu bila chaji, au hata kuwa chanya, na hapo tabaka la pembeni hujaa ioni hasi na mkondo mzima hugeuka. Ni ukuta mwingine. Mwamba ambao baba alitumia maisha yake kupambana na maji yake una mawazo yake hata kwenye kikombe.

Wiki iliyopita alikuja na pendekezo la kutia magadi. Kwa kemia yuko sawa: yatashusha kalisi iliyomo majini na kuupa uso wa punje chaji hasi, na maji huenda yakarudi njia tuliyoizoea. Nimemwambia aanze na kidogo sana, apime umeme unaopita kila anapoongeza, kwa sababu magadi nayo ni chumvi, na betri ya gari anayotumia ni ya baba yake, ambaye anaihitaji asubuhi.